Riziki ya Yatima

Kutawakali ni neno ambalo watu wa pwani hulitamka mara nyingi kuliko wanavyolipima. Mvuvi hulitamka akisukuma mtumbwi, mkulima akimwaga mbegu, na mchuuzi akifungua duka lenye bidhaa chache kuliko madeni. Kwa kuwa limekuwa jepesi mdomoni, wako wadhanio kwamba maana yake nayo ni nyepesi: kukaa kitako, kukunja mikono, na kungoja mlango ufunguliwe na mkono usioonekana. Wako na wengine, hasa watu wa elimu, waliolichoka kwa sababu hiyo hiyo, wakaliona kuwa ni jina la heshima la uvivu. Makundi yote mawili yangefaa kukaa mwaka mmoja katika bonde la Rufiji.

Mto Rufiji, kabla ya kuingia baharini mkabala wa kisiwa cha Mafia, hugawanyika matawi mengi, na baina ya matawi hayo imestawi mikoko katika eneo la hekta zipatazo 53,000. Nchi hiyo wenyeji huiita Delta, kana kwamba duniani hapana delta nyingine. Humo na katika bonde lililo juu yake Wandengereko, Wanyagatwa na Warufiji hulima mpunga kwa maji ambayo hawayaamrishi. Mafuriko yasipokuja, mpunga hukauka. Yakija mapema mno, huzama ungali mchanga. Yakija kwa kiasi na kwa wakati, huacha nyuma yake tope jeusi ambalo katika majira ya mlau huotesha mahindi, kunde na maboga bila mvua nyingi. Mkulima wa huko huyangoja maji na huyaogopa, na mambo hayo mawili hayagombani moyoni mwake. Lakini mtazame afanyavyo. Hagawi mbegu zake mahali pamoja. Nyingine huzipeleka palipoinuka, nyingine hubaki bondeni. Hujenga dungu juu ya nguzo, akalala humo na jamaa zake miezi kadha ili kulinda mpunga na nguruwe, nyani na ndege. Kisha, akiwa amekwisha kufanya yote hayo, ndipo asemapo kwamba amemwachia Mungu. Hadithi ya Mtume juu ya ngamia afungwaye kwanza ndipo mwenyewe atawakali inajulikana sana misikitini. Huko Delta, ambako hakuna ngamia, chombo kifungwacho ni mtumbwi.

Serikali ilipata kuona kwamba tegemeo la namna hiyo ni hatari. Mwaka 1968, baada ya mafuriko, ilianza kuwahamisha wakulima wa bondeni na kuwapeleka katika vijiji vya nyanda za juu, na kazi hiyo ikaitwa Operesheni Rufiji. Wengi walihama nyumba, lakini mashamba hayakuhama nao. Wakawa wanateremka kila msimu. Na maji hayakukoma. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na makazi mengi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, na mwanzoni mwa Mei kimbunga Hidaya kikaipiga pwani hiyo hiyo kabla watu hawajakausha magodoro.

Katika nchi ya namna hii mtoto afiwapo na wazazi wake, haulizwi kwanza mwenye fedha ni nani. Huulizwa aliye karibu ni nani. Kiswahili chenyewe kimekwisha kuutengeneza mpango: dada wa mama ni mama, mkubwa au mdogo, ndugu wa baba ni baba. Kwa hiyo si rahisi kwa mtoto wa Mwambao kubaki bila mama ingawa aliyemzaa yu kaburini. Lugha haitoshi kulisha tumbo, ni kweli, na wako mama wadogo wasiostahili jina hilo. Walakini mtoto anapoingia nyumba ya pili akiwa na neno la kumwita mwenye nyumba, amekwisha kuvuka hatua ngumu.

Neno yatima nalo lataka kuangaliwa. Katika fikihi, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Aliyefiwa na mama, ikiwa baba yu hai, si yatima. Mazungumzo ya kila siku yamelipanua neno hilo likachukua wafiwa wote. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ina fasili yake mbali kabisa: mtoto mwenye mzazi mmoja aliye hai, asiyeweza kumtunza ipasavyo na aliyekwisha kumtoa, aweza naye kuandikwa yatima. Basi mtoto mmoja aweza kuwa yatima katika ofisi moja na kuwa mwana wa watu katika ofisi ya pili, bila ya kuondoka mkekani alipoketi.

Miaka ya kwanza ya karne hii palitokea Marekani bidii kubwa, hasa miongoni mwa Wakristo wa makanisa ya kiinjili, ya kuwachukua watoto wa nchi za mbali na kuwafanya wana. Mwaka 2004 watoto walioingia nchi hiyo kwa njia hiyo walikaribia 23,000. Gharama ya mtoto mmoja, ikijumlishwa ada za wakala, mawakili, hati na safari, mara nyingi ilifika dola 30,000 au zaidi, nayo si fedha ya mwalimu wala ya fundi. Kwa hiyo wazazi watarajiwa walianza kukusanya: waliuza fulana, walifanya karamu, walitandaza vitu vyao vya zamani mbele ya nyumba wakaviuza, wengine waliuza vipande vya picha ya fumbo, kila mchangaji akinunua kipande na jina lake likaandikwa nyuma yake. Na katika yote hayo walisema kwamba Mungu atatoa. Kuwacheka watu hawa ni rahisi, wala si haki. Wengi walijinyima kweli kweli, na mtu anayeuza kitanda chake ili apate mtoto asiyemzaa hawezi kuitwa mchoyo.

Walikuwa na kielelezo cha zamani. George Müller, Mprusi aliyezaliwa mwaka 1805, alianza mwaka 1836 kulea yatima katika mji wa Bristol, Uingereza, akafikia kujenga nyumba 5 kubwa zilizotosha watoto wapatao 2,000 kwa wakati mmoja. Mpaka alipokufa mwaka 1898, yatima waliopita mikononi mwake walizidi 10,000. Sifa yake kuu ni kwamba hakumwomba mwanadamu hata senti. Alimwomba Mungu peke yake. Jambo lisilotajwa mara nyingi ni kwamba kila mwaka alipiga chapa taarifa, ndani yake mna hesabu ya kila kilichoingia na kilichotoka, pamoja na visa vya asubuhi ambapo chakula kilikwisha na mkate ukaletwa mlangoni. Taarifa nzuri ni ombi lililovaa kanzu. Hili halimpunguzii Müller kitu. Linaonyesha tu kwamba naye, kama mkulima wa Delta, alikuwa na dungu lake.

Lakini kuna tofauti moja ambayo wafuasi wa Müller hawakuitazama sana. Yatima wa Bristol walikuwa wamekwisha kufika mlangoni pake, na haja yao ilikuwa mkate. Mwenye kukusanya fedha ili amchukue mtoto wa nchi ya mbali hali hivyo. Mtoto bado yu kwao, na fedha ndizo zitakazomwondoa. Hapo ndipo tawakali huingia katika hatari isiyofanana na njaa. Katika shuhuda za wakusanyaji hao jambo moja hurudi daima: kiasi kilichopungua hukamilika siku za mwisho, na kukamilika huko huhesabiwa kuwa ni jibu. Mungu ametoa fedha, basi Mungu ametoa mtoto. Ukweli ni kwamba fedha zikikamilika huthibitisha kwa yakini jambo moja tu, nalo ni kwamba wachangaji walikuwa nazo.

Mfano wa jirani unatosha. Mwezi wa Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda pamoja na mwanasheria mmoja na mshirika wake, kwa tuhuma ya kuhusika katika mpango wa kuwatoa watoto wa vijijini ambao wazazi wao walikuwa hai. Wazazi hao waliambiwa kwamba watoto wanakwenda kupata elimu na matunzo. Upande wa pili wa bahari, yamkini, walikuwako watu wema waliokuwa wamepiga magoti usiku kucha. Dua mbili zilipanda juu ya kichwa kimoja, na moja tu ndiyo iliyokuwa na nauli.

Serikali za Afrika ya Mashariki na majirani zao zilijifunza kwa uchungu. Kenya ilisimamisha mwezi wa Novemba 2014 kuasiliwa kwa watoto wake na wageni. Uganda ilikaza sheria mwaka 2016. Ethiopia, ambayo watoto wake walipata kuchukuliwa kwa maelfu kila mwaka, ilifunga mlango mwaka 2018. Mwaka wa hesabu wa 2023 watoto walioingia Marekani kutoka dunia nzima hawakufika 1,300. Tanzania ilikuwa imekwisha kuweka kizingiti chake katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009: mgeni atakaye kumwasili mtoto wa Kitanzania sharti awe ameishi nchini miaka 3 mfululizo, na awe amemlea mtoto huyo muda usiopungua miezi 3 chini ya macho ya afisa wa ustawi wa jamii. Malipo kwa ajili ya mtoto yamekatazwa. Wageni wengi huona kizingiti hicho ni kirefu. Ni kirefu, lakini hakikuwekwa na watu wasiojua njia zilizopita katika nchi yao.

Njia moja kati ya hizo ilipita Rufiji yenyewe. Mkataba wa mwaka 1873 ulipoifunga biashara ya watumwa baharini, wafanya biashara waliihamishia nchi kavu, wakawaendesha mateka kwa miguu kutoka Kilwa kwenda kaskazini. Frederic Elton, aliyekuwa afisa katika ubalozi wa Uingereza wa Zanzibar, alisafiri mwisho wa mwaka huo na mwanzo wa mwaka uliofuata kutoka Dar es Salaam kwenda Kilwa, akakutana na misafara hiyo katika nchi hii hii. Watoto walikuwamo. Mbele huko, Bagamoyo, mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamefungua misheni mwaka 1868, na kwa sadaka zilizochangwa Ulaya, nyingine na watoto wa shule, walikomboa watoto sokoni wakawalea. Ukombozi huo ulikuwa jambo jema lililofanywa mahali pabaya, kwani mkombozi na mwuzaji walikutana kwenye bei. Tangu hapo fedha inayomfuata mtoto wa pwani kutoka ng'ambo imekuwa na harufu mbili, na pua ya mbali huipata moja tu.

Kisa cha ajuza mmoja wa visiwa vya Delta, ambaye hapana haja ya kumtaja jina, huonyesha mambo yalivyo siku hizi. Binti yake alifariki katika uzazi, na mkwewe alikuwa amekwisha kufa. Akabaki na mjukuu, mtoto wa kike. Binti yake wa pili alikuwa amekwenda Marekani miaka mingi kabla, akafanya kazi ya kuwauguza wazee, akaolewa, akachukua uraia wa huko. Huyo ndiye mama mdogo wa mtoto, na kwa desturi ni mama yake. Kwa sheria ya Tanzania, isiyokubali uraia wa nchi mbili kwa mtu mzima, alikuwa mgeni, na miaka 3 ilimhusu kama ilivyomhusu mtu asiyejua Kibiti iko wapi.

Yeye hakulijua hilo mapema. Alilojua ni kwamba ana deni kwa dada yake, na kwamba deni hilo linalipwa kwa mtoto. Alianza kuchangisha. Watanzania wenzake walipika pilau na sambusa wakauza. Msikiti ulipitisha kapu baada ya sala ya Ijumaa. Na wafanya kazi wenzake, Wakristo kwa wingi, walitoa wakimwambia maneno yale yale aliyoyasikia kwa mama yake, kwamba Mungu hamtupi mja wake. Zilipatikana fedha nyingi kuliko alizopata kuzishika maishani. Imamu wa msikiti alimtahadharisha jambo moja. Kuasili kwa namna ya Magharibi, kunakobadili jina la baba, Uislamu haukukubali: Zaidi bin Haritha alipata kuitwa mwana wa Mtume, kisha akarudishiwa jina la baba yake mzazi. Kinachosifiwa, hata mlezi wa yatima akaahidiwa ukaribu na Mtume kama vidole viwili vya mkono mmoja, ni kafala: kumlea, kumlisha na kumfunza bila ya kumfuta nasaba. Zanzibar imeipa kafala nafasi katika sheria yake ya watoto ya mwaka 2011, lakini nchi nyingi za Magharibi haziihesabu kuwa ni kuasili. Kiswahili kilichochagua neno kuasili kilisema zaidi ya kilivyokusudia, maana ndani yake mna asili, nayo ndiyo iliyokuwa ikibishaniwa.

Ajuza aliitwa wilayani. Aliondoka kisiwani maji yalipojaa, akashuka Nyamisati, akashika njia ya gari mpaka Kibiti, na mjukuu amelala mapajani. Afisa wa ustawi wa jamii alikuwa kijana wa kike, umri wa wajukuu zake wakubwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Hujambo?"

"Sijambo, bibi. Mtoto mwenyewe anataka kwenda?"

"Mtoto wa miaka saba anataka kila kitu. Juzi alitaka mwezi."

"Na wewe, bibi, unataka nini?"

Mpaka siku hiyo, katika barua zote na simu zote na michango yote, swali hilo lilikuwa halijaulizwa. Ajuza alikaa kimya kitambo, kisha akahesabu kwa vidole. Alitaka sare ya shule na daftari. Alitaka taa ya jua, kwa sababu mafuta ni ghali na mtoto ana kazi za usiku za mwalimu. Alitaka akiba ya nauli ya mashua ili mtoto akiugua homa usiku asingoje huruma ya mwenye chombo. Alitaka mbegu za mpunga, kwa kuwa zake zilikwenda na maji ya mwaka 2024. Alipofika kidole cha tano alisita, akasema kwamba anataka binti yake aje amwone, maana ni miaka 11 hajamtia machoni, na simu haina harufu ya mtu.

Jumla ya vidole vinne vya kwanza, kwa mwaka mzima, haikufika ada ya wakala mmoja.

Haifai kusema kwamba yatima wote wana ajuza. Kibiti inajua. Kati ya mwaka 2015 na 2017, wilaya hiyo, Mkuranga na Rufiji zilipatwa na mauaji ya viongozi wa vijiji na askari. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa siku moja. Watu walihama, jamaa zikatawanyika, na wafiwa waliachwa pande nyingi. Wako watoto ambao kwao hakuna mtu wa kuhesabu kwa vidole, na kwa mtoto wa namna hiyo nyumba ya mbali yenye upendo ni rehema, iwe ya Mkristo au ya Mwislamu, iwe Dodoma au Chicago. Miaka 3 ya sheria haikuwekwa kumnyima rehema hiyo. Imewekwa ili mtu apate wasaa wa kumtafuta ajuza kabla ya kuamua kwamba hayupo.

Habari zilipomfikia mama mdogo, alipata tabu ya namna nyingine. Fedha zilizochangwa kwa nia moja ni amana, wala haziwezi kugeuzwa kwa nia ya pili kimya kimya. Aliwaandikia wachangaji wote, mmoja mmoja, akawaeleza sheria ya miaka 3, maneno ya mama yake na hesabu ya vidole, akawaomba ruhusa au wachukue chao. Wengi walimwachia. Wachache walidai, wakarudishiwa. Mmoja, mwanamke mcha Mungu aliyetoa zaidi ya wengine, alighadhibika. Alisema kwamba Mungu alikwisha kujibu, na kwamba kurudi nyuma ni kukosa imani. Mama mdogo hakujua la kumjibu, naye hakumjibu. Alimrudishia fedha zake zote pamoja na nauli ya kuzipeleka. Huenda jibu lilikuwapo: kwamba aliyeomba si mmoja, na kwamba ajuza naye alikuwa ameswali. Lakini maneno kama hayo hayaandikwi vizuri katika barua ya kurudisha fedha.

Sare zilinunuliwa Kibiti, na taa. Mbegu zilipatikana kwa wakati. Akiba ya mashua iliwekwa kwa mwenye duka mmoja wa kisiwani, kwa maandishi, na afisa wa ustawi akiwa shahidi. Zilizobaki zilitosha tikiti ya ndege, nayo ilikatwa ya mwezi wa Juni, wakati maji ya bondeni yanapokuwa yamepwa na mlau umeota. Kuhusu miaka 3, mama mdogo hajasema atakaa wala hatakaa. Mumewe ana neno lake, na kazi yake haimngoji. Ajuza hakuuliza. Alimtuma mjukuu apige simu na kusema jambo moja tu, kwamba mama mdogo aje na viatu vya kukanyagia tope, kwa kuwa vya huko Marekani alivyoviona katika picha havitafika hata nusu ya njia kutoka mashuani.